Nzuri, Ila

Kwetu Kilosa ukimuuliza mtu habari za asubuhi akakujibu kwamba ni mbaya, utamtazama mara mbili kama akili zake ziko sawa. Habari huwa nzuri. Upepo umeezua nyumba, habari nzuri. Mto umeingia jikoni ukaondoka na masufuria, habari nzuri, ila mto umeondoka na masufuria. Hata mwenye msiba, turubai limefungwa na watu wamejaa uani, ukimuuliza za hapa atakwambia, "Nzuri tu, ila ndiyo hivyo, mzee ametutoka." Nzuri inatangulia kwa sababu ndiyo adabu. Maafa yanakuja nyuma, baada ya ila, na mtu anayekujua anajua kusubiri mpaka hapo.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani karibu na stesheni, na kwa kazi hii nimesikia "nzuri, ila" nyingi kuliko padri. Mwanamke analeta gauni nilipunguze kiuno, namuuliza za siku, nzuri, ila nguo zote zinampwaya siku hizi. Basi napima kiuno huku nasubiri, na kabla sijakunja futi yangu nimeshajua mume kaenda wapi na kwa nani.

Sasa hebu fikiria wanakuja watu na gari jeupe, vishikwambi mikononi, wanasema wamekuja kupima ustahimilivu. "Ustahimilivu wa kisaikolojia kwa watu wazima," mwenyekiti wa mtaa alitutangazia, akilitafuna kila neno polepole ili tuone amelielewa. Walitaka watu waliopatwa na makubwa: mafuriko, misiba, mifugo kufa, mashamba kuharibiwa. Jamani! Kwetu huku ungewaambia watafute ambaye hajapatwa, ndiyo wangetembea mpaka viatu viishe.

Lakini kulikuwa na jambo moja walilosema lililonifanya nisimamishe cherehani. Atakayeonekana nguvu zake za kustahimili ni kidogo atapangiwa kukaa na mshauri, mwanamama mtaalamu wa mambo ya akili na huzuni, kila Alhamisi kwenye kituo cha afya. Wenye nguvu nyingi wataachwa wabaki na nguvu zao. Nikasema moyoni, hapo hapo. Dada yangu lazima aipate hiyo Alhamisi.

Dada ndiye aliyenitangulia kuzaliwa, ni mjane, na tunaishi uwanja mmoja, milango inatazamana. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, utingo wa malori. Lori lao lilikuwa linatoka upande wa Iringa na shehena ya vitunguu, likapinduka kwenye kona karibu na Mikumi. Walimtoa chini ya magunia.

Tangu hapo dada hapiki na kitunguu. Hakutangaza wala hakueleza, kitunguu kilitoweka tu jikoni kwetu, na mimi nikawa nakula mchicha wa nyanya tupu na maharage yanayonuka maji, kimya. Akawa halali. Mwanga haujatoka unasikia anafagia uwanja, anaufagia tena, mpaka ardhi ikabakia ngumu na nyeupe kama sakafu. Neno Mikumi halikutamkwa mbele yake, tulisema "kule barabarani." Na watu walipokuja kumpa pole walimpa na dawa ile ile tunayopeana wote: jikaze. Jikaze kisabuni, dada, Mungu yupo. Akajikaza. Mimi nilikuwa naogopa, nasema wazi. Kila nilipoona mlango wake umechelewa kufunguliwa, nilikuwa nasimama uwanjani nautazama, kwa kuwa sikuwa na hakika kwamba anataka kuendelea kuwa hai.

Siku ya kupimwa alikuja binti mwembamba kutoka Morogoro mjini, suruali yake kaifunika kwa kitenge kwa heshima. Dada akamtolea kigoda kizuri. Mimi nilikuwa kwangu mlangoni napinda suruali ya mtu, masikio yote kule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Habari za hapa?"

"Nzuri tu."

"Familia hawajambo?"

"Wazima wote, tunamshukuru Mungu."

Wazima wote! Nilikuwa na pini mdomoni, nusura niimeze.

Binti akaeleza kwamba atasoma sentensi, na mama atasema kama anakubali sana, anakubali, yuko katikati, anakataa au anakataa sana. Sasa wewe mwambie mwanamke wa umri wa dada yangu amkatalie mgeni, tena amkatalie sana, mgeni ambaye ameshamwamkia na kukaa kwenye kigoda chake. Thubutu! Kukataa sana kwetu ni ugomvi.

"Naweza kukabiliana na lolote linalonijia."

"Nisipokabiliana nalo mimi, nani atakuja kukabiliana nalo?" dada akasema.

Binti akabonyeza: anakubali sana.

"Nina mtu wa karibu wa kunisaidia nikiwa na shida."

"Ninaye mdogo wangu yule pale, mkali lakini ana moyo." Anakubali sana. Hapo nikawa nimehesabiwa na mimi, mkali mwenye moyo, kwamba ni nguzo.

"Baada ya jambo gumu, huwa narudi katika hali yangu ya kawaida."

Dada alitazama chini kidogo. "Nimerudi, mwanangu. Ila mtoto wangu alifia kule barabarani, sijui kama wamekwambia."

"Pole sana mama," binti akasema, na alisema kwa huruma kabisa, uso ulimbadilika. Kidole nacho kikabonyeza: anakubali sana. Si alishasema amerudi?

Nikainuka. Suruali ya mtu ikaanguka vumbini. "Binti, mbona hujaandika na hiyo ila?"

"Ma'mdogo, huku hakuna sehemu ya ila."

"Basi iweke."

"Haiwezekani. Na samahani, hairuhusiwi kumjibia mhojiwa."

Dada akanigeukia na kunikaripia kwa Kisagara, ile lugha yetu ya ndani, ambayo akiitumia kunigombeza najikuta nina miaka ya kuchunga kuku. Alisema namwaibisha mbele ya mgeni. Binti alipoondoka nikamwuliza, kwa nini umemwambia uko vizuri na hauko vizuri? Akanishangaa. "Ulitaka nimwambie mtoto wa watu kwamba nimeshindwa? Amenisalimia, nimeitikia. Ukweli nilimwekea mbele yake, hakuuokota."

Matokeo yakatoka. Dada yangu asiyelala, anayefagia uwanja gizani, anayekaa kimya kila breki ya lori inapolia upande wa barabara, ndiye aliyeongoza. Wa kwanza wilaya nzima! Kuishi kwingi ni kuona mengi. Na wa mkiani, aliyepangiwa Alhamisi za kutosha, alikuwa kijana mmoja mcheza bao wa mtaa wa pili, asiyepatwa na lolote zaidi ya kuachwa na mchumba, ambaye huko mjini Dar alijifunza kujibu "dah, noma sana" kwa kila swali.

Nikaenda kumwona mkubwa wa ule mradi wa gari jeupe. Wote walimwita daktari. Alikuwa daktari wa vitabu, akikohoa mwenyewe anaenda kununua dawa kama mimi na wewe. Mtu mpole, simsingizii, alinikaribisha na soda. Nikamweleza: dada halali, dada hali vizuri, dada hapiki na kitunguu kwa sababu mwanawe alifia kwenye vitunguu.

Macho yakamng'aa. "Hiyo ni mbinu yake ya kukabiliana na maumivu. Unaona? Ameibuni mwenyewe!"

"Daktari, si mbinu hiyo. Anaumwa."

"Mama, kipimo chetu kimetumika nchi nyingi sana."

"Huko nchi nyingi wanajibuje salamu?"

Alicheka, akaniambia mimi ni mcheshi, na ucheshi ni dalili nzuri, pengine ni wa ukoo. Halafu akanipa barua ya mwaliko. Waliopata alama za juu wangeenda semina, siku moja, wawafundishe wenzao siri ya kusimama imara. Dada angekuwa msemaji mkuu. Semina ingefanyika Mikumi.

"Mikumi ndiko alikofia mtoto wake," nikasema.

Unajua alinijibu nini? Aliweka mkono kifuani, akasema, "Basi itakuwa na nguvu sana."

Nilitamani ile soda niirudishe kwenye shati lake. Nikaiweka mezani, nikaondoka, maana chupa ilikuwa ya mwenye duka.

Nilimwomba dada akatae. Nilimwomba kwa upole, kisha kwa ukali, kisha nikalia. Alikuwa anapiga pasi kitenge. "Yule binti alikuja tena kuniamkia, akaniomba niende, nikamwitikia," alisema. "Utarudishaje neno?" Nikaona basi, kama ni kwenda kuzimu twende wawili, nikafunika cherehani kwa turubai na kupanda gari la mradi pembeni yake.

Njia ya Kilosa kwenda Mikumi inapita kijiji kinaitwa Ulaya. Vijana wa mradi walishuka kupiga picha kwenye kibao, wakacheka sana, wakazituma. Dada alibaki ndani ameshika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili. Kona yenyewe iko ng'ambo ya mji, hatukuipitia, lakini malori yaliyotoka huko yalikuwa yamepaki kila upande tulipoingia, matingo wakinywa chai wamekaa kwenye matairi, wembamba, wameloa grisi, wamevaa kandambili. Kila mmoja wao angeweza kuwa yeye. Na kando ya barabara, kama kawaida ya pale, vitunguu vimening'inizwa kwenye nyavu nyekundu, mafungu kwa mafungu, vinang'aa. Nilimziba dada kwa bega langu. Alikuwa ameshaviona.

Ukumbi ulikuwa wa nyumba ya wageni, tembo wamechorwa ukutani wakitabasamu. Mbele kulikuwa na bango kubwa: STAHIMILI, INUKA, NG'AA. Tukapewa fulana zenye maneno hayo hayo. Ya dada ilimbana, akaivaa juu ya gauni nililomshonea mimi, na ninaomba ieleweke kwamba gauni lile halikustahili kufunikwa.

Washindi wenyewe sasa! Mjane wa Mamboya ambaye alikuwa anachana kipande cha karatasi vipande vidogo vidogo tangu tumefika. Baba mmoja wa Lumuma ambaye shamba lake lilizolewa na maji, anatikisa mguu chini ya meza mpaka chupa za maji zinacheza. Na pembeni yangu mfugaji wa Kimasai kutoka kule uwandani, mzee mtulivu, fimbo yake katikati ya magoti. Wakati wa chai nilimuuliza yeye alifauluje.

"Waliniuliza ng'ombe hawajambo. Nikasema hawajambo."

"Na kumbe?"

"Kumbe walikufa na ukame, karibu wote." Akanywa chai yake. "Lakini aliyekufa haumwi, mama. Hajambo."

Nilitaka kucheka nikashindwa.

Karibu na saa ya chakula mkubwa wao akashika kipaza sauti na kumwita dada mbele. Akamsifu mpaka nikaona haya. Mwanamke wa chuma, alisema, mwamba wa Kilosa, darasa linalotembea. Dada alisimama chini ya lile bango mikono ameifunga mbele, fulana imemkaba shingoni. Ikawa jiko la nyumba ya wageni liko nyuma ya ule ukuta wa tembo, na dirisha liko wazi, na mpishi ndipo alipotia vitunguu kwenye mafuta. Nilisikia vinachachatika. Harufu ikaingia ukumbini, ile harufu ambayo uwanja wetu ulikuwa umeisahau, na watu wenye njaa wakaanza kujiweka sawa kwenye viti.

"Mama yetu," mkubwa akasema kwa furaha, "kabla hujatufundisha, habari yako?"

Kipaza sauti kikafika mdomoni mwa dada. Nikaona kifua kinapanda.

"Mbaya," akasema.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nani amewahi kusikia jibu hilo? Wakapiga na makofi. "Mnaona!" mkubwa akashangilia. "Hata utani anao! Utani ni nguzo ya..."

"Mbaya," dada akarudia. "Silali. Nafagia uwanja nisije nikalala nikamwota. Mwanangu walimtoa chini ya vitunguu hapo mbele, na nyinyi mmenileta hapa, mnakaanga vitunguu, mnaniambia niwafundishe watu. Niwafundishe nini? Sijui kitu. Mimi ni mbaya. Nina hali mbaya."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa sauti, bila aibu yoyote.

Kicheko kilikuwa kimekatika. Mama wa Mamboya aliacha kuchana karatasi. Yule mfugaji akasimama na fimbo yake, hakuitwa na mtu, akasema bila kipaza sauti, "Na mimi. Ng'ombe wamekwisha." Akakaa.

Ukiniuliza, hapo ndipo ilipokuwa semina. Hapo ndipo palikuwa pa kufunga mlango na kuwaambia watu haya, nani mwingine. Mkubwa wao alitazama saa. Akamshukuru mama kwa mchango wake wenye hisia, akasema muda si rafiki, akatukaribisha chakula.

Nilimfuata mpaka kwenye foleni ya sahani. "Umesikia mwenyewe. Mpe Alhamisi dada yangu."

"Nimeguswa sana, mama. Ila matokeo yameshafungwa. Labda awamu ijayo tumpime upya."

"Mtampima na nini? Na kile kile?"

Alisema kipimo hakiwezi kubadilishwa katikati, maana kitaharibika. Kipimo kiharibike! Dada yangu aharibike sawa, lakini kipimo! Nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, na mpishi alinisikia akaacha kupakua. Sikula. Dada naye hakula, alikaa nje kwenye ngazi, na yule binti wa kishikwambi alikuja akapiga magoti mbele yake, machozi yanamtoka, anaomba msamaha. "Hujakosea, mwanangu," dada alimwambia, akimfuta uso kwa ile fulana aliyokuwa ameshaivua. "Wewe ulinisalimia, mimi nikaitikia."

Tukarudishwa Kilosa. Njia nzima mimi nilikuwa nimevimba kwa hasira na kushindwa, kwa sababu tulikuwa tumefika mpaka kule, amesema mpaka mwisho, na bado narudi naye kwenye ule ule uwanja uliofagiliwa, bila Alhamisi, bila chochote zaidi ya fulana mbili.

Jirani yetu wa ukuta wa pili alikuwa getini anatusubiri. Huyu jirani, nimstahi, tuseme ana mapenzi na habari. Ukipiga chafya kwako, jioni soko zima linajua unaumwa nini. Tulikuwa hatusemezani vizuri mimi na yeye tangu mambo fulani ya kanga. Alikuwa na ndoo ya maji kichwani, na naapa ile ndoo ilikuwa imekaa kichwani tangu aliposikia gari.

"Shikamoo dada," akamwambia dada yangu. "Habari za Mikumi?"

Nikafungua mdomo nimjibie, nzuri, tumechoka tu, ili atupishe. Dada akawahi.

"Mbaya."

Jirani alikuwa ameshaandaa "tunamshukuru Mungu," akakosa pa kuiweka. Akamtazama dada, akanitazama mimi, akamtazama tena dada. Kisha akaitua ile ndoo chini, akatuingiza uwanjani, akamkalisha dada mlangoni pake, akavuta kigoda, kile kile cha wageni, akakaa, magoti yake yakagusana na ya dada.

"Ehe," akasema. "Mbaya vipi?"

Miezi yote ile, na gari lile jeupe, na nchi zile nyingi, hakuna aliyekuwa amemwuliza. Hata mimi nilikuwa sijamwuliza. Mimi nilikuwa nasubiri tu mlango ufunguliwe. Dada akaanza kueleza. Alianza na simu iliyopigwa, na nani aliipokea, na alikuwa amevaa nini. Jirani kila mara anasema "ehe," na "kisha," na "alaa," kwa uroho wake ule ule wa siku zote, na dada anasogea mbele zaidi. Nilisimama pale nikaona mimi sina kazi, nikaingia kupika.

Nilipika ugali na maharage. Bila kitunguu, kwa kuwa hilo lilikuwa bado. Jua lilikuwa linazama walipokubali kuja kula, macho yamewavimba wote wawili, na jirani, ambaye hakuna sufuria mtaani kwetu ambalo hajalitolea hukumu, akamega tonge, akachovya, akaonja. Nikamwona anasita. Akanyanyua macho, akafungua mdomo wake ule.

Akaufunga. Akaomba chumvi.